Msimu wa Korosho Ni Mrefu Kuliko Siku 180

Grinikadi ya mama mdogo, ile kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, inakaa kwenye mkoba mmoja na stakabadhi za chama cha msingi cha ushirika wa korosho. Ukimwomba akuonyeshe, kwanza zinatoka stakabadhi za msimu uliopita zilizokunjwa mara nne, inafuata kadi ya kliniki ya presha, inafuata picha ndogo ya marehemu baba mdogo, ndipo inajitokeza ile kadi yenye sura yake amenuna kama aliyeambiwa bei ya korosho imeshuka. Anaigonga kwa ukucha pale palipoandikwa 2031. "Si unaona mwanangu? Bado ina miaka."

Tulikuwa barazani kwake Mtanda, hapa Lindi mjini, jioni, sahani ya ming'oko yenye chumvi na pilipili katikati yetu. Ilikuwa Septemba. Korosho za kwanza zilikuwa zimeanza kudondoka shambani Nyangao, naye alikuwa anapanga kwenda kukaa huko mpaka minada iishe. Mwanawe wa kwanza alishinda bahati nasibu ya viza miaka mingi iliyopita, akafanya kazi Columbus, Ohio, akala kiapo cha uraia wa Marekani, kisha akamwombea mama yake ukaazi wa kudumu. Tangu hapo mwendo wa mama mdogo haubadiliki. Januari malipo ya korosho yakishaingia, anapanda ndege. Anakaa kwa mwanawe wiki sita, analalamikia baridi, anawasuka wajukuu, anarudi Machi kabla ya palizi. Mwenyewe safari hiyo anaiita "kwenda kuigusa."

Safari ya mwisho walimweka chumba cha pembeni pale uwanja wa ndege wa Marekani, saa mbili nzima. Ofisa hakuwa mkali. Alitafuta mkalimani kwa simu, akapatikana mtu mwenye Kiswahili cha Nairobi, maswali yakaanza: mama unafanya kazi gani, shamba liko wapi, mwaka jana ulikaa hapa siku ngapi. Kisha likaja swali lenyewe. Nyumbani kwako ni wapi?

"Nikamwambia nyumbani ni Lindi," alinisimulia. "Huku nimekuja kumsalimia mwanangu. Sasa ulitaka niseme uongo?"

Sikutaka. Ila jibu hilo, ambalo mtu yeyote aliyelelewa vizuri angelitoa bila kufikiri, ndilo linaloweza kuanza kumpotezea mtu ukaazi wake hapo hapo kaunta. Yeye walimwachia, wakampa na onyo: ukija tena kwa mtindo huu utapelekwa mbele ya jaji, kwa hiyo chagua unaishi wapi.

Namsimulia mama mdogo kwa sababu wa namna yake ni wengi huku kusini. Shangani kule Mtwara kuna mzee wa Texas, Kilwa Masoko kuna binti wa Toronto, Masasi kuna mtu na mke wake waliokaa Uingereza na sasa wamejenga. Wote wana kadi au karatasi ya kudumu ya nchi fulani, na wengi wana imani moja waliyoipata kwa rafiki, au kwa kishoka wa kujaza fomu aliyewala pesa: kwamba ukigusa kila baada ya miezi kadhaa, hadhi haifi. Kwa Marekani imani hiyo ni ya uongo, na ni uongo unaouma zaidi kwa sababu unafanya kazi mara mbili tatu kabla haujakuangusha.

Tuanze na huo mwaka 2031. Kadi na hadhi ni vitu viwili, na mkulima wa korosho ana kila sababu ya kulielewa hilo kuliko mtu mwingine. Stakabadhi ya ghala inasema kuna kilo kadhaa zako ghalani. Mzigo ukishatoka, karatasi unayo mkononi, mhuri upo, lakini hakuna korosho nyuma yake. Kadi ya miaka 10 ndivyo ilivyo. Ikiisha muda, ukaazi wako haujaisha; unaomba kadi nyingine kwa fomu namba I-90 na maisha yanaendelea. Na ikiwa inang'aa, ina miaka sita mbele, inawezekana kabisa hakuna hadhi nyuma yake kwa sababu mwenyewe ulishahama. Tarehe iliyochapwa pale ni ya plastiki.

Zipo tarehe nyingine mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni siku 180. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, kwa mabadiliko ya mwaka 1996, inasema mkaazi wa kudumu aliyekaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo akirudi anaweza kuchukuliwa kama mtu anayeomba kuingia upya. Hajapoteza kitu bado, ila anakaguliwa kama mgeni mlangoni. Ya pili ni mwaka mmoja. Ukikaa nje mwaka au zaidi, kadi peke yake haitoshi tena kukurudisha. Unatakiwa uwe na kibali cha kurejea ulichokiomba kabla ya kuondoka, au viza maalumu ya mkaazi anayerudi.

Watu wakisikia hivyo huhitimisha haraka: basi nikirudi siku ya 179 niko salama. Hapo ndipo wanapopotea. Siku hizo ni kengele tu. Sheria yenyewe inauliza kitu kingine, kwamba safari yako ya nje ilikuwa ya muda au ulikuwa umeshahamia huko, na unaweza kuulizwa hata kama umekaa miezi minne.

Kuna kesi ya mwaka 1975 ambayo wanasheria wa uhamiaji wa Marekani huitaja mpaka leo, inaitwa Matter of Kane. Mama mmoja wa Jamaika alikuwa na ukaazi wa kudumu wa Marekani, na kwao alikuwa na nyumba ya kupangisha wageni. Kila mwaka alikaa Jamaika miezi 11 akisimamia nyumba yake, mwezi mmoja akaja Marekani. Hakuwahi kupitisha mwaka nje. Bodi ya rufaa za uhamiaji ikasema ameuacha ukaazi: kazi yake iko kule, nyumba yake iko kule, na huo mwezi mmoja ndio matembezi. Badala ya nyumba ya wageni weka mikorosho, badala ya Jamaika weka Nyangao, utaona kwa nini niliposoma kesi ile nilimpigia mama mdogo simu usiku.

Bodi ilieleza pia safari ya muda maana yake nini. Sababu ya kuondoka iwe inajulikana, na mwisho wake uwe unaonekana, ama kwa tarehe ama kwa tukio ambalo litatokea baada ya muda si mrefu. Mtu aende kumuuguza baba, amalizie masomo, auze nyumba, na muda wote huo nia yake ya kurudi iwe hai. Nia hiyo hawaisomi kwa maneno yako. Wanaisoma kwa vitu: una nyumba au chumba cha kupanga kwa jina lako huko, una akaunti ya benki inayotembea, una leseni, umepeleka ritani ya kodi kila mwaka kama mkaazi. Hilo la kodi limewaponza wengi. Kuna waliojaza ritani kama wasio wakaazi ili walipe kidogo, wakasahau kwamba karatasi ile ile ofisa wa uhamiaji ataisoma kama tangazo lao wenyewe kwamba wameshahama.

Sasa tuweke kalenda mbili ubavu kwa ubavu, ya korosho na ya ukaazi. Mikorosho ya Lindi na Mtwara inataka palizi kuanzia kama Mei. Juni mpaka Agosti ni kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, na anayejua salfa anajua huwezi kumwachia kibarua usimamizi, atapulizia mistari ya mbele tu na mfuko wa pili utaukuta sokoni. Septemba, Oktoba kuokota kunaanza, Novemba na Desemba minada imepamba moto, na pesa ya mwisho inaweza kuingia akaunti Januari. Mtu akifika shambani tarehe 15 Mei, siku yake ya 180 inaangukia tarehe 11 Novemba. Ni siku mbaya kuliko zote kuondoka: mzigo uko ghalani na bei inabishaniwa. Akisubiri alipwe mpaka tarehe 10 Januari, ametimiza siku 240. Hakuna namna ya kulima korosho kwa mkono wako mwenyewe na kubaki chini ya siku 180.

Zaidi ya hesabu, korosho ina ubaya mwingine mbele ya jaji: haina mwisho. Mwakani kuna msimu tena. Huwezi kusema nilikwenda kwa jambo litakaloisha.

Linganisha na eda. Mjane wa Kiislamu anayerudi Lindi kumzika mumewe anakaa miezi minne na siku kumi, kama siku 130 hivi. Ongeza maziko yenyewe, ongeza mirathi, na ndugu wa mume wanaotaka kikao, miezi sita inapita kabla hajafungua sanduku. Ofisa wa uwanja wa ndege pengine hajawahi kulisikia neno eda. Lakini ukimweleza vizuri, eda inaingia kwenye kanuni yake kuliko korosho zote za Nachingwea: ina sababu inayojulikana, ina siku ya kuanza, ina siku ya kuisha iliyowekwa na dini wala si na mjane. Cheti cha kifo, barua ya kadhi au ya msikiti, tafsiri yake, tiketi ya kurudi iliyonunuliwa mapema. Wajane wetu hawabebi karatasi hizo kwa sababu kwao eda haihitaji kuthibitishwa kwa mtu. Anakwenda kaunta na huzuni yake tu, anaulizwa kwa nini umekaa miezi saba, anajibu "nilifiwa." Ofisa anaandika alichosikia: msiba mmoja, miezi saba.

Kwa aliyepitisha mwaka bila kibali, mlango uliobaki ni ile viza ya mkaazi anayerudi, yenye namba SB-1, inayoombwa ubalozini kwa fomu DS-117. Masharti yake ni magumu. Uonyeshe ulikuwa mkaazi halali ulipoondoka, uliondoka ukiwa na nia ya kurudi na hukuiacha, na umechelewa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wako ambazo hukuzisababisha wewe. Huku kwetu sababu za namna hiyo tunazo za kutosha. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga na mabasi yakalala njiani. Mwaka 2020 ndege zilisimama dunia nzima. Kiharusi hakichagui siku ya tiketi. Ila lazima sababu ilingane na muda. Barabara iliyokatika siku kadhaa haiwezi kueleza miezi 14. Na kubaki kwa sababu kesi ya shamba haijaisha, kwa macho yao, ni uamuzi wako.

Kwa hiyo kama kuna jambo moja la vitendo ningependa lisomwe na kila mwenye kadi hiyo huku kusini, ni hili la kibali cha kurejea. Kinaombwa kwa fomu I-131, na wakati wa kuiwasilisha ni lazima uwe ndani ya Marekani kwa mwili wako. Mtoto hawezi kukuombea wewe ukiwa Mtama. Baada ya kuiwasilisha utaitwa kupigwa alama za vidole huko huko, na wito huo huchukua wiki kadhaa kufika. Ukishapigwa vidole unaweza kuondoka, na kibali kinaweza kutumwa ubalozini ukichukue kule. Kinadumu miaka 2, hakiongezwi muda. Kikiisha unarudi na kuomba kingine. Na ukiwa umekaa nje zaidi ya miaka 4 katika 5 iliyopita, kwa kawaida unapewa cha mwaka 1 tu. Mtu wa korosho ana nafasi ya kukiomba kati ya Januari na Aprili, malipo yakishaingia na palizi haijaanza. Ajaze fomu wiki ile ile anayofika, asingoje ya mwisho, maana wito wa vidole ukichelewa atajikuta anachagua kati ya kibali na magugu.

Hata hivyo kibali hakimalizi swali. Kinachozuia ni urefu wa safari kutumiwa dhidi yako. Ukitua nacho na ukajibu kwamba nyumbani ni Lindi, swali la jaji liko pale pale. Wala hakikusaidii kwenye uraia. Anayetaka kuomba uraia wa Marekani anatakiwa kwa kawaida awe na ukaazi wa miaka 5 usiokatika, na nusu ya muda huo, miezi 30, awe amekuwepo nchini kweli. Safari ya zaidi ya miezi 6 inatia shaka mfululizo huo, na ya mwaka inaukata, uwe na kibali au usiwe nacho.

Ukitaka kuona jinsi wenzao wanavyopima, angalia Kanada. Wao wana mizani, kama ile ya chama cha msingi: weka siku zako, soma namba. Siku 730 ndani ya kila miaka 5, hata zikiwa za kuungaunga, na ukiwa nje pamoja na mwenza ambaye ni raia wa Kanada siku hizo nazo zinahesabiwa. Zikipungua, hadhi haijifii yenyewe; mpaka ofisa aamue, na ukiamuliwa ukiwa nje una siku 60 za kukata rufaa na kueleza ubinadamu wa hali yako. Uingereza ukaazi usio na kikomo unakufa ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Afrika Kusini, ambako vijana wetu wengi wamekwenda kwa kupitia Msumbiji, sheria inataja miaka 3. Ujerumani ni wabahili, miezi 6, isipokuwa ofisi iwe imekuongezea muda kabla hujaondoka.

Halafu kuna kituko cha Ulaya. Ukaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya unapotea ukikosekana ndani ya Umoja miezi 12 mfululizo. Mamlaka za Vienna, Austria, zilimnyima mtu hadhi hiyo kwa hoja ile ile iliyomwangusha mama wa Jamaika, kwamba anakuja siku chache tu kwa mwaka. Januari 2022 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema hapana: hata siku chache ndani ya miezi hiyo 12 zinatosha kuuzuia usikatike, ilimradi hakuna ulaghai. Kwa hiyo huko kuigusa kunakubalika, kwa hukumu ya mahakama. Nadhani nusu ya ushauri mbovu unaozunguka vijiweni unatokana na hapo. Mtu wa Vienna anamshauri mtu wa Ohio, wote wanazungumza kuhusu "makaratasi," na kila mmoja anasema kweli ya nchi yake.

Mizani ya Kanada ni ya haki zaidi kwa watu kama sisi. Wamarekani nao wana hoja, kwamba ukaazi wa kudumu maana yake ni kukaa. Shida yangu ni ile dhana kwamba nyumbani kwa mtu ni mahali pamoja tu. Mkoa wa Lindi wote umejengwa juu ya watu wenye pawili. Mtu ana nyumba mjini Mtanda au Mitwero na ana banda Nyangao. Mei mpaka Desemba yuko shamba, analala huko, anazikana na watu wa huko, na hakuna mjumbe wa nyumba kumi atakayeandika kwamba amehama mjini. Ukimuuliza nyumbani ni wapi, atakujibu kutokana na aliyeuliza na mahali alipo. Akiwa Nyangao atasema mjini, akiwa mjini atasema Nyangao, akiwa Dar es Salaam atasema Lindi. Mama mdogo akiwa Ohio alisema Lindi. Alikuwa anataja asili yake, ofisa akaandika anuani.

Wapo watakaouliza kwa nini basi asichukue uraia akamaliza mambo. Hapa lawama inarudi nyumbani. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Akila kiapo cha nchi nyingine kwa hiari yake, wa kwetu unakoma. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ilivyotungwa, haikumruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa uwekezaji. Mwanawe wa Columbus tayari yuko upande huo. Kwa sheria hiyo hakuweza kuandikisha hata mti mmoja wa Nyangao kwa jina lake. Mama akimfuata, mikorosho ya marehemu baba mdogo huenda ikawa ya wajomba, na wajomba wameshaanza kuuliza. Serikali imechagua kuwapa hadhi maalumu wenye asili ya Tanzania badala ya uraia pacha, jambo litakalomfaa mtoto kuliko mama. Yeye bado ni raia, na ndiyo maana anabaki miaka na miaka kwenye ile hadhi ya katikati, ambayo kati ya zote ndiyo isiyovumilia mtu kukosekana. Wabunge wanapojadili uraia pacha huzungumzia fedha zinazotumwa nyumbani na usalama wa nchi. Sijasikia wakizungumzia mama mwenye mikorosho anayelala macho kwa sababu ya siku ya 180.

Nikampigia mahesabu ya upande mwingine pia, ambayo vishoka hawayasemi kwa kuwa hayana pesa. Kuupoteza ukaazi hakuumi sawa kwa wote. Aliyeupata kwa bahati nasibu akiupoteza, anarudi kwenye foleni ya bahati, kama bado inachezeshwa. Aliyeombewa na kaka au dada raia anarudi kwenye foleni ya zaidi ya miaka 10. Lakini mzazi wa raia mwenye umri wa miaka 21 na zaidi hana foleni ya viza. Hakuna idadi iliyowekwa kwa mwaka. Mwanawe anaweza kumwombea tena siku atakapokuwa tayari kukaa kweli, labda miguu ikishachoka na shamba likishagawanywa. Kuna ada, kuna vipimo vya afya, kuna subira ya miezi mingi, na sheria zinaweza kubadilika katikati. Ila kwa hali yake kadi ile si uhai wala kifo. Anaweza kuirudisha mwenyewe kwa fomu I-407, kisha, mlango wa viza kwa Watanzania ukiwa wazi, akaomba viza ya matembezi ya kwenda kuwaona wajukuu. Hakuna anayeweza kumuahidi kwamba atapewa. Lakini angalau siku atakayoulizwa nyumbani ni wapi, jibu lake la kweli litakuwa pia jibu zuri.

Kuirudisha kwa hiari na kunyang'anywa kaunta ni mambo mawili, na hapo nilimkazania. Akiwekwa tena chumba cha pembeni na akapewa fomu hiyo hiyo atie saini, halazimiki. Ana haki ya kusema nataka kuonana na jaji, na mbele ya jaji mzigo wa kuthibitisha kwamba ameuacha ukaazi ni wa serikali, kwa ushahidi ulio wazi na usio na utata. Wengi husaini kwa sababu wamechoka na safari, au kwa sababu wameambiwa kwa upole, na mtu wa pwani akiambiwa kwa upole huona haya kukataa.

Mwanawe alipiga simu ya video tukiwa katikati ya maneno hayo. Shikamoo zikapita, akaniuliza nimemweleza mama mpaka wapi, nikamwambia mpaka I-407. Akanyamaza kidogo. Yeye anataka mama ahamie kabisa, ana chumba chake, ana baiskeli ya mazoezi ambayo mama mdogo anaanikia kanga. Mama naye akamuuliza, bila kumtazama kwenye simu, mwaka huu nani atasimamia salfa. Mtoto akacheka. Mama hakucheka.

Simu ilipokatika alichukua ng'oko moja, akaimenya polepole, akaniuliza: "Hiyo kadi nikiirudisha, wananipa stakabadhi?"

Nikamwambia unapiga fotokopi ya fomu kabla ya kuituma, hiyo ndiyo stakabadhi yako.

"Na kadi naitoa fotokopi?"

"Toa, mamdogo. Mbele na nyuma."

Akairudisha kadi mkobani, katikati ya stakabadhi za chama, akasema tutaongea tena mnada wa pili ukishapita.